Mwaka Walioningojea

Mwezi uliopita tulimzika Faustin. Kwenye kilio chake nilikaa nje pamoja na wanaume, chini ya turubai lililofungwa kwenye miti, na kila aliyekuja kunipa mkono aliniita mzee. Siku ya tatu, watu walipoanza kupungua, Riziki mke wake aliniita ndani. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililotandikwa chini, kitenge cheusi kichwani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyechoka kwa safari. Nilidhani anataka tupange habari za chakula au za padri. Akaniambia niketi. Akasema, "Bahati, kuko kitu Faustin alinikatazaka kukuambia. Sasa ameenda, hatanikataza tena. Sisi tulipashwa kuoana ule mwaka muke wako Nsimire alikufa. Wazazi walikuwa wameisha kusikilizana. Faustin akakatala. Akasema hatuwezi kupiga ngoma na Bahati eko analia. Tumungojee kwanza." Nikamuuliza, "Mpaka lini?" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyelia siku nyingi. "Njo ile. Hatukujua mpaka lini. Hatukujua kama utakawia vile."

Nilitoka nikakaa tena kwenye kiti changu cha plastiki. Watu walinipa chai, nikaishika mpaka ikapoa. Nimeishi miaka mingi nikidhani ninaujua ule mwaka. Nilidhani ni mwaka wangu, wa huzuni yangu mimi, na wengine walipita humo kama watu wanaopita kwenye parsele, kiwanja cha jirani. Nilioa tena baadaye, nina watoto wakubwa, na mara nyingi nimewasimulia jinsi nilivyoinuka. Nilivyoinuka, mimi! Sasa ninaurudia mwaka ule tangu mwanzo, chumba kwa chumba, na kila ninapofungua mlango ninawakuta wawili hawa wamesimama hapo wakinisubiri, na uso wangu unawaka kwa aibu.

Faustin na mimi tulikuwa mafundi wa nguo Birere, katika nyumba ya mbao yenye chumba kimoja, na pazia limekatiza katikati. Yeye alikata, mimi nilishona. Riziki aliuza vitenge mlangoni mwetu, kwa hiyo mteja alinunua kwake, akapimwa na Faustin, halafu nguo ikaja kwangu kwenye mashine. Mji ulikuwa bado unajengwa upya juu ya mawe yaliyomwagwa na mlima wa moto, na vumbi jeusi liliingia kila mahali, hata ndani ya sindano. Mimi na Nsimire hatukuwa tumemaliza hata mwaka katika ndoa. Homa ilimshika akiwa anapika, tukampeleka hospitali, na baada ya siku chache nikarudi bila yeye. Siwezi kusema zaidi ya hapo, na sijawahi kuweza. Tulimzika, watu wakakaa nasi kwenye kilio, wakala, wakaimba, wakaondoka. Nikabaki na chumba. Ndapala zake, zile kandambili za plastiki, zilikuwa mlangoni, moja imelala ubavu, jinsi alivyoziacha alipobebwa. Nilisimama hapo nje na ufunguo mkononi, nikashindwa kuzivuka. Wapangaji wa jirani walikuwa wanachambua maharagwe, wakaniangalia. Nikajifanya nimesahau kitu kazini, nikageuka.

Nililala kwenye meza ya kukatia. Asubuhi Faustin alinikuta nimeweka kichwa juu ya kitambaa cha mteja. "Umelala hapa?" akauliza. Nikasema nilikuja mapema. Aliliangalia shavu langu, ambalo bila shaka lilikuwa limechorwa mikunjo ya kile kitambaa, kisha akaenda kufungua dirisha. Kesho yake alikuja na godoro kichwani, akalitupa nyuma ya pazia, akasema kwa sauti ya mtu aliyekasirika, "Mama yangu amechoka na hii kitu, inajaza nyumba. Nimeileta hapa kwanza." Nilikubali kwamba mama yake amechoka nalo. Nilililalia mwaka mzima. Miaka mingi baadaye mama yake mwenyewe aliniambia kwamba lilikuwa godoro la Faustin, na kwamba mwanawe alikuwa analala kwenye mkeka.

Riziki ndiye aliyenilisha. Mchana alifunika vitenge vyake, akaingia na sahani moja: bugali na sombe ya majani ya muhogo, au wale samaki wadogo wa ziwani, sambaza, waliokaangwa mpaka wanavunjika kama biskuti. Siku za kwanza sikugusa. Aliketi kwenye kigoda mbele yangu, akaanza kula yeye mwenyewe, polepole, kutoka upande wake wa sahani, akiongea habari za wateja waliomsumbua. Alipofika katikati alisimama, akaweka mkono pajani. "Huu ni upande wako. Mimi sitaugusa. Ukiuacha, nzi itakula." Nikamwambia mimi si mtoto. "Njo maana sikulishi kwa mukono," akajibu. Nikala. Nilikula nimeinamisha kichwa, kwa haraka, kama mwizi, kwa kuwa njaa ilikuwepo kumbe, na niliona aibu kwamba tumbo langu halikujua kuwa nimefiwa.

Upande wa pili wa njia walikuwepo wanawake wauza sabuni na chumvi. Siku moja nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake bila kupunguza sauti, "Unaona? Muke bado ajakauka kwa kaburi, bwana ameisha kupata mwingine wa kumupikia." Mwenzake akasema, "Na huyu binti naye hana haya." Nilitaka kuzama chini ya mawe. Riziki alipokuja kesho yake na sahani nilimwambia asije tena, nikamweleza nilichosikia. Akatazama upande wa meza ya Faustin, na Faustin akaendelea kukata kola bila kuinua macho. "Waache waseme," Riziki akasema. "Kula." Sasa fikiria. Huyo alikuwa mchumba wa mtu. Mwanaume wake alikuwa hatua chache kutoka hapo na mkasi mkononi, akisikia mchumba wake anatukanwa kwa ajili yangu, na hakuweza hata kusema "huyu ni wangu," kwa sababu kusema hivyo kungeniumiza mimi. Nami nilikaa hapo nikidhani kwamba aibu yote ya ile njia imeniangukia peke yangu.

Kuhusu kuoga, ningependa kunyamaza. Lakini nimeamua kuandika. Mtu akifiwa anaacha vitu kimoja kimoja bila kujua. Niliacha kunyoa, nikaacha kubadili shati, nikaacha maji. Mama mmoja alikuja kupimisha nguo ya harusi ya binti yake, mama wa heshima, aliyezoea kunisalimia kwa jina. Nilimsogelea nimuoneshe mshono. Akavuta kona ya kitenge chake akaziba pua, halafu akaona kwamba nimeona, akajifanya anajifuta jasho. Alipotoka Faustin alifunga mlango. Alichukua bidoni ya maji ya ziwa tuliyokuwa tumenunua kwa ajili ya pasi, akaenda nayo uani nyuma, penye mawe meusi na ukuta wa mabati, akarudi. "Vua shati."

"Niache."

"Bahati, unanuka." Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja kipimo cha bega. "Si mimi peke yangu nasikia. Vua."

Niliketi juu ya jiwe. Alinimwagia maji ya baridi mgongoni, akanisugua kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye suruali ya mtu. Mimi mwanaume mzima, mwenye ndevu, ninaogeshwa mchana na mwanaume mwenzangu, na kwa upande wa pili wa mabati watu wanapita wakipiga honi za pikipiki. Hakunihurumia kwa maneno. Aliongea wakati wote juu ya jaketi alilokuwa anakata, kwamba mteja yule ana bega moja chini kuliko jingine, kwamba inabidi tumwekee sponji kidogo bila kumwambia, maana hakuna mtu anapenda kuambiwa kwamba amepinda. Nililia. Maji yalikuwa usoni, nikadhani hajui. Akanipa shati lake safi, akasema, "Sasa tufungue, wateja wanangoja."

Baada ya hapo nilianza kuwachukia kidogo. Ni vigumu kueleza. Mtu aliyekuona uchi, aliyekunusa, aliyekuhesabia matonge, unamwogopa. Nilikuwa nikiwasikiliza kila waliposema pembeni. Na siku moja ya mvua, wakidhani nimelala kwenye lile godoro, nikawasikia upande wa pili wa pazia. Riziki alisema, "Utamuambia lini?" Faustin akajibu, "Si leo. Umeona macho yake?" Halafu Riziki tena, na sauti yake ilikuwa imechoka: "Mama ananiuliza kila siku, Faustin. Nimujibu nini?" "Mwambie angoje bado kidogo." "Kidogo yako ni ndefu." Faustin akasema, "Najua. Nisamehe."

Nilielewa upesi, yaani nilielewa kinyume. Nilisema moyoni: wanataka kunifukuza. Mama yake Riziki hataki binti yake asemwe kwa ajili yangu, na Faustin anatafuta namna ya kunitoa. Niliondoa pazia kwa nguvu mpaka kamba ikakatika. Walikuwepo wateja wawili mlangoni waliojikinga mvua. Nikapiga kelele mbele yao, "Kama mumechoka na mimi, museme! Niliomba mutu anilishe? Niliomba mutu anioshe?" Nilisema na mengine, maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia Faustin kwamba hajui kufiwa kwa sababu hana mtu wa kumpoteza. Riziki alisimama pembeni yake kabisa niliposema hivyo. Aliinamisha uso.

"Nani amesema uondoke?" Faustin akauliza.

"Nimesikia! 'Utamuambia lini.' Kuniambia nini?"

Alimwangalia Riziki. Riziki alikuwa anatazama mguu wake. Basi Faustin, ambaye alikuwa mwongo hodari kuliko mafundi wote wa Birere, akainua kidole juu. "Paa," akasema. "Paa linavuja upande wa mashine yako. Mama yake Riziki alituazima ngazi, anaitaka. Sikutaka kukusumbua." Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna tone lililoingia, lakini nilikuwa na hasira nyingi, sikulitazama paa. Kesho yake alipanda juu na nyundo. Aligonga mabati asubuhi nzima, huku Riziki ameshika ngazi chini, na mimi nimeketi ndani nikishona kwa kiburi, nikiona kwamba walau kelele zangu zimesaidia kitu. Siwezi kukumbuka sauti ile ya nyundo sasa bila kufunika macho kwa mkono.

Walinichukua pia katika matembezi yao. Siku za Yenga, yaani Jumapili, baada ya misa, Riziki alisema, "Twende tutembee," nami nikawafuata, kila mara, nikitembea katikati yao. Nafasi pekee waliyokuwa nayo ya kuwa wawili, wakanipa mimi nikae humo. Siku moja tulikwenda mpaka ziwa dogo la Lac Vert, tukakaa juu ya ukingo penye majani, chini yetu maji yale ya kijani yaliyotulia. Riziki alikuwa amebeba viazi vilivyochemshwa na kipande cha jibini la Masisi ndani ya kitambaa. Jua lilikuwa zuri. Faustin alikuwa amevaa viatu vipya vya ngozi, akataka kushuka kunawa mikono karibu na maji, huku akituambia jinsi baba yake alivyomfundisha kutembea kwenye mteremko. Hakumaliza sentensi. Aliketi ghafla kwa makalio, akateleza hivyo hivyo amekaa, wima kama chifu kwenye kiti, mpaka akaingia majini hadi kiunoni, na bado kiazi kiko mkononi hakijalowa.

Nikacheka. Halikuwa tabasamu. Lilikuwa lile cheko langu la zamani, linalotoka tumboni na kunikunja, lenye kukatika kama mtu anayekosa pumzi. Riziki naye alicheka mpaka akalala kwenye majani. Nilipoinua kichwa nijifute machozi nikaona kundi la wanawake kwenye njia juu yetu, wakitoka upande wa Mugunga, wamevaa nguo za kanisa. Mmoja alikuwa amesimama wakati wenzake wanaendelea. Alikuwa Mama Nsimire, mama mkwe wangu. Watu walikuwa bado wanamwita kwa jina la binti yake, maana ndivyo anavyoitwa mama, na jina halizikwi. Alikuwa na kitambaa cheusi cha msiba kichwani. Alinitazama, mimi mwenye mdomo wazi na mafuta ya jibini kwenye ndevu. Akageuka, akawafuata wenzake.

Viazi vyote vilitoka. Nilitapika nyuma ya kichaka, na Faustin akaja mwili unatiririka maji, akanishika paji la uso. Tangu siku ile sikuweza kupita njia yoyote ambayo Mama Nsimire angeweza kuipita. Nilihama misa ya kwanza nikaenda ya pili, halafu nikaacha zote. Nikiona kitambaa cheusi sokoni ninaingia katika duka lolote, hata la misumari. Faustin alijitolea kwenda kumwona kwa niaba yangu, nikamkataza kwa kiapo. Nilijiambia kwamba ameona ukweli wangu: kwamba sikumpenda binti yake vya kutosha, na kwamba mtu aliyempenda asingeweza kutoa sauti ile. Nikarudi nyuma kabisa. Riziki akarudi kuketi kwenye kigoda na sahani moja. Na ninapohesabu sasa, hiyo ndiyo miezi ambayo wao walikuwa wamekwisha kutumaini kwamba wataoana.

Mwaka ulipotimia ikawa misa ya kumaliza kilio, na hiyo mume hawezi kuikwepa. Faustin alinishonea shati, Riziki akapiga pasi, wakanitia katikati tukapanda pikipiki mpaka Mugunga. Baada ya misa watu walikusanyika kwake, nami nikajificha nyuma kabisa, karibu na sufuria. Binti mmoja akaja kuniambia, "Papa Bahati, mama anakuita ndani." Kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama mkwe wake ovyo, na kula mbele yake hafanyi kabisa, mtu anaweza kukaa na njaa siku nzima kuliko kutafuna mbele ya mama wa mke wake. Nikasimama mlangoni, macho chini.

"Kaa," akasema.

"Mama, nitabaki inje na wengine."

"Nimesema kaa."

Nikaketi kwenye ncha ya kiti. Chumba kilikuwa kidogo, pazia la maua, picha ya Bikira ukutani, na kwenye meza sahani iliyofunikwa. Aliwakemea watoto waliokuwa wanagombana nje, kisha akanigeukia. "Ile siku kule Lac Vert nilikuchukia," akasema. "Sitakudanganya. Nilirudi nikaambia batu hapa, huyu mwanaume hakumupenda mutoto wangu. Nilikuchukia nikiamka, nilikuchukia nikilala." Nilitikisa kichwa kukubali. Nilitaka aendelee, ilikuwa kama kulipwa ninachostahili. Lakini sauti yake ikabadilika. "Halafu kuko kitu nilikumbuka. Wakati Nsimire alinambia anataka kuolewa na wewe, mimi sikufurahi. Nilimuuliza, huyu fundi mwenye kunyamaza hivi, utafanya naye nini ndani ya nyumba? Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mama, bado hujamusikia akicheka.'"

Nilifunika uso.

"Sikukusikia hata mara moja, yeye akiwa hai," akasema. "Mbele yangu ulikuwa unaogopa. Sasa nimekusikia. Nimeelewa mutoto wangu alikupendea nini. Nilimukatalia bure." Alilia kidogo, akajifuta kwa kile kitambaa. Halafu akafunua sahani. Ilikuwa bugali, maharagwe na nyama. "Kula."

"Mama, mbele yako?"

"Mbele yangu. Batu wameniambia hukulaka. Kula, nikuone."

Nilikula. Matonge yalikuwa makubwa mno, mchuzi ulinidondoka kwenye shati jipya, na yeye alinitazama bila kugeuza macho hata mara moja. Sijawahi kuona aibu kama ile, na sijawahi kula chakula kilichonishibisha kama kile. Nilipomaliza niliinua macho nikawaona Faustin na Riziki wamesimama kando ya mlango, nje kidogo, bega kwa bega. Nilidhani wamekuja kuuliza kama tunaondoka.

Juma lililofuata nilirudi kulala chumbani kwangu. Niliokota zile ndapala, nikazifuta vumbi, nikazifunga kwenye kitambaa nikampelekea mama yake. Asubuhi nilifika kazini nimenyoa, nikawakuta wote wawili wamesimama karibu na meza ya kukatia kama watoto walioitwa na mwalimu. Faustin alikohoa. "Bahati, kuko habari. Mimi na Riziki tunataka kuoana."

Nilishangaa kweli. Niliangalia mmoja, nikamwangalia mwingine. "Ninyi? Tangu lini?"

"Ah," Faustin akasema, akikuna shingo, "ni siku hizi tu."

Nikaanza kuwacheka. Niliwaambia wanaharakisha, kwamba ndoa si shati la kukata kwa macho, kwamba wangejuana kwanza walau miezi michache. Riziki aligeuka upande wa vitenge vyake, akawa anavipanga tena ingawa vilikuwa vimepangwa. Faustin alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kwa heshima.

"Unatujua sisi," akasema. "Hatuna subira."

Nikamwamini. Nikachukua utepe wa kupimia, nikamwambia anyooshe mikono, maana suti ya harusi yake ningeishona mimi.